Bonde la Indus na watu wa Veda: aliyefuata ndiye aliyebomoa?

Mwalimu_Katuba

Jambo kwenu wote, wakubwa kwa wadogo. Naomba msaada juu ya somo la historia la darasa la tano la sekondari: bonde la mto Indus (Pakistan na India ya leo), kisha jamii ya Veda, yaani watu wa nyimbo takatifu za zamani za India, iliyokuja nyuma yake. Makaratasi yanayozunguka kati yetu walimu hapa Lubumbashi yanamaliza mambo yote kwa sentensi moja: mwaka 1500 KK Waarya walifika na farasi, wakabomoa miji ya Mohenjo-daro na Harappa, wakaanzisha dini ya Veda. Lakini juu ya ukurasa uleule imeandikwa kwamba miji ilikwisha 1900 KK. Mwanafunzi anayejua kutoa hesabu ataona mara moja kwamba katikati kuna shimo la miaka 400.

Nataka kujua nani au nini kilimaliza miji ile, na watu wa Veda walirithi nini. Tena, ni kazi gani ya mikono inaweza kufanyika darasani kwa udongo, kamba na ubao mweusi tu? Projekta hakuna, na kila kipindi ni dakika 50.

Mzee_wa_Vigae

Mwalimu, sentensi hiyo ifute yote. Usijaribu kuitengeneza, maana kosa halimo katika tarehe peke yake, limo katika neno "wakabomoa".

Tuanze na namna kosa lilivyozaliwa. Daya Ram Sahni alianza kuchimba Harappa mwaka 1921, na muda mfupi baadaye R. D. Banerji akaanza Mohenjo-daro. John Marshall alitangaza habari hiyo kwa dunia mwaka 1924. Kabla ya hapo, historia ya India ilikuwa ikianza na Rigveda, mkusanyo wa nyimbo za zamani za Veda. Kwa ghafla ukapatikana ustaarabu mzima wa zamani zaidi, wenye maandishi ambayo hayasomeki hadi leo. Watu wakatafuta namna ya kuushona na kitabu walichokuwa nacho tayari. Mwaka 1946 Mortimer Wheeler alichimba Harappa akakuta ukuta mnene wa ngome. Rigveda inamwita mungu Indra "mvunja ngome". Mohenjo-daro kulikuwa kumepatikana mifupa ya watu wasiopungua thelathini, wengine wakiwa wamelala njiani bila kaburi. Akaunganisha vitu hivyo vitatu, ikawa hesabu ya mauaji.

Mwaka 1964 George Dales aliirudia hesabu hiyo kipande kwa kipande. Mifupa haikutoka katika tabaka moja, kwa hiyo watu wale hawakufa siku moja. Wengine walilazwa juu ya nyumba ambazo tayari zilikuwa magofu. Hakukuwa na tabaka la moto lililoenea mjini, wala silaha zilizotapakaa penye ngome. Mji uliotekwa kwa vita huacha majivu, vichwa vya mishale na milango iliyovunjwa, vyote katika kina kimoja. Wanafunzi waulizwe hilo kwanza: tungetegemea kuona nini, na tumeona nini?

Kilichomaliza miji kilikwenda polepole. Kuanzia takriban 2200 KK mvua za monsuni zilizidi kudhoofika. Mto Ghaggar-Hakra, ambao kando yake palikuwa na makazi mengi sana, ulikuwa ukilishwa na mvua hizo. Maji ya theluji ya Himalaya yalikuwa yameuacha mkondo huo maelfu ya miaka kabla. Mvua ilipopungua, mto ukakatika. Indus yenyewe ina tabia ya kuhama mkondo na kufurika: mji uliosimama kwenye bandari ya mto unaamka na kukuta mto umekwenda upande mwingine. Wakati huohuo biashara ya mbali na Mesopotamia ikafifia. Ilikuwa biashara kubwa: Sargon wa Akkad, mfalme wa Mesopotamia, alijisifu kwamba merikebu za Meluhha zilifunga kamba katika bandari yake, na wataalamu wengi wanaona Meluhha ndiyo nchi ya Indus. Shanga ndefu za akiki nyekundu kutoka Indus zimepatikana hata katika makaburi ya Ur.

Watu hawakutoweka. Walihamia mashariki na kaskazini, kuelekea Haryana ya leo na kingo za juu za Yamuna, ambako mvua bado ilitosha. Idadi ya vijiji upande huo ilipanda wakati miji mikubwa ikishuka. Wakaongeza mazao ya majira ya mvua kama mawele, badala ya kutegemea ngano na shayiri za msimu wa baridi peke yake. Lakini kijiji kidogo hakihitaji mihuri, wala mawe ya mizani yaliyolingana kutoka mji hadi mji, wala mtu wa kusafisha mtaro wa barabara. Ndiyo maana vitu hivyo vilipotea pamoja, na maandishi pia, huku ng'ombe wa nundu, magari ya kukokotwa, pamba na ufundi wa shanga vikiendelea.

Kwa ubao: ukiwa na mita 3 za upana, chora mstari wa sentimita 280, kila sentimita 10 ziwe miaka 100, kutoka 3300 KK hadi 500 KK. Miji mikubwa, 2600 hadi 1900, inachukua sentimita 70. Tia rangi kipindi cha baadaye, 1900 hadi 1300, kwa chaki nyepesi zaidi ili kionekane kikififia. Kisha weka Rigveda, ambayo wengi wanaiweka kati ya 1500 na 1200 KK. Wanafunzi wataona kwa macho kwamba Rigveda inagusa mwisho wa kile kipindi chepesi, na kwamba kati yake na miji kuna sentimita 40 nzima. Kosa la kawaida hapa ni kuchora visanduku viwili vilivyogusana, kimoja "Indus", kingine "Veda". Ukichora hivyo, sentensi uliyoifuta itarudi yenyewe.

Fundi_Kampemba

Naongeza upande wa matofali, maana hapo darasa litaelewa kwa vidole.

Tofali la kawaida la nyumba za Indus ni sentimita 7 kwa 14 kwa 28. La kuta kubwa ni 10 kwa 20 kwa 40. Yote mawili yana uwiano 1:2:4, na uwiano huo unaonekana katika miji iliyo mbalimbali mamia ya kilomita. Sababu yake fundi yeyote anaijua: vichwa viwili, yaani pande fupi za matofali, vikikaa bega kwa bega vinalingana na urefu wa tofali moja. Kwa hiyo unaweza kulaza mstari mmoja kwa urefu na unaofuata kwa vichwa, na kila kiungo cha chini kikafunikwa na tofali la juu. Urefu ukitofautiana na mara mbili ya upana, hata kwa sentimita 2, viungo vinaanza kupandana baada ya matofali machache, na ufa unapata njia kutoka juu mpaka chini. Pembeni mwa nyumba ndipo pa kwanza kufunguka.

Kwa darasa tengeneza nusu ya kipimo: 3.5 kwa 7 kwa 14. Udongo wa kichuguu unafaa sana, uleule unaochomewa matofali mjini kwetu, kwa sababu mchwa wameshauchagua na kuupandisha ukiwa laini. Uponde, toa mizizi, loweka usiku mmoja, kanyaga mpaka ukivunjwa usionyeshe punje kavu ndani. Kabla ya kutengeneza kalibu pima udongo unasinyaa kiasi gani: tandaza kipande bapa, chora mstari wa sentimita 10 kwa msumari, kausha kivulini siku kadhaa, pima tena. Ukikuta 9.2, umesinyaa asilimia 8, basi kalibu lazima iwe kubwa kuliko tofali: 14 gawanya kwa 0.92 ni 15.2, 7 inakuwa 7.6, 3.5 inakuwa 3.8. Walimu wengi wanakata kalibu ya 14 kamili, halafu wanashangaa tofali limetoka 12.9.

Usikaushe juani siku ya kwanza. Ngozi ya nje inakauka ikivuta, ndani bado kuna maji, na tofali linapasuka tumboni. Ligeuze upande kila siku.

Kila kikundi kipewe matofali 24, wajenge pembe ya ukuta ya mistari minne bila udongo wa kuunganishia, kisha wausukume kwa kidole kimoja. Kikundi kimoja kipe kwa makusudi matofali ya 3.5 kwa 7 kwa 11. Hawatahitaji maelezo mengine.

Na kuhusu lile birika kubwa la Mohenjo-daro: lina mita 12 kwa 7, kina mita 2.4. Likijaa ni mita za ujazo 201.6, sawa na bidoni 10,080 za lita 20. Wanafunzi waliozoea kupanga bidoni bombani wataipata hesabu hiyo mwilini. Matofali yake yalisimamishwa kwa ubavu na kuunganishwa kwa jasi, na nyuma yake ikapakwa lami ya asili ili maji yasipenye. Jasi peke yake isingetosha, kwa sababu maji huiyeyusha kidogo kidogo.

Msomaji_Kamalondo

Aksanti Fundi. Mimi nichukue upande wa Veda, kwa sababu mara nyingi somo linaelezea miji kwa mapenzi, halafu jamii iliyofuata inapewa mistari miwili kana kwamba watu walirudi nyuma. Hawakurudi nyuma. Walihifadhi kitu cha aina nyingine kabisa, na walikihifadhi kwa ukali kuliko tofali.

Rigveda ni nyimbo 1,028 katika vitabu 10, kwa lugha ya Kisanskriti cha zamani. Kwa karne nyingi haikuandikwa. Ilipita kinywani kwa mwalimu, sikioni kwa mwanafunzi, na bado inasomwa hivyo leo, pamoja na sauti za kupanda na kushuka. Namna ya kuilinda ni hii. Kwanza unajifunza mstari ulivyo. Kisha unausoma neno moja moja, bila kuyaacha yagusane, maana katika Kisanskriti sauti ya mwisho wa neno hubadilika ikikutana na neno linalofuata. Halafu unasoma kwa jozi: la kwanza na la pili, la pili na la tatu, la tatu na la nne. Juu yake kuna mpangilio mgumu zaidi unaoitwa ghana. Chukua maneno yetu manne: mto, umejaa, shamba, limelowa. Ghana inakwenda hivi:

mto umejaa, umejaa mto, mto umejaa shamba, shamba umejaa mto, mto umejaa shamba.

Kisha unasogea neno moja mbele:

umejaa shamba, shamba umejaa, umejaa shamba limelowa, limelowa shamba umejaa, umejaa shamba limelowa.

Na kuendelea hivyo mpaka mwisho wa mstari. Neno lililo katikati ya mstari mrefu linatamkwa mara 13, likiwa na majirani tofauti, mbele na nyuma. Mtu akiteleza akasema "umejaza", wenzake watasikia, maana neno hilo litarudi tena na tena na halitalingana. Mwalimu, fanya hivyo darasani kwa mstari wa maneno sita. Safu moja isome, safu nyingine isikilize na kupiga makofi penye kosa. Usiwape wakiwa na karatasi mbele yao. Wakiona maandishi, zoezi limekufa.

Sasa wimbo unatuambia nini juu ya watu wenyewe? Utajiri wao ni ng'ombe: neno moja la vita, gavishti, maana yake ni kutafuta ng'ombe. Wana farasi na magari mepesi ya vita yenye magurudumu ya njiti. Mihuri ya Indus inaonyesha fahali, tembo, kifaru, chui milia na yule mnyama wa pembe moja anayerudiwa kuliko wote, lakini farasi hayumo. Rigveda haijui mji wenye mitaro ya matofali, wala mihuri, wala maandishi. Mito yake ni ya Punjab, na vita vyake maarufu, vya wafalme kumi, vinapiganwa kwenye mto Parushni, yaani Ravi, mto uleule uliopita karibu na Harappa. Adui na rafiki wengi katika vita hivyo ni koo za Veda zenyewe. Huo si wimbo wa watu wanaopigana na wakazi wa miji.

Tarehe ya 1500 inatoka wapi, ikiwa kitabu hakina mwaka ndani yake? Ushahidi mmoja unatoka mbali, katika mkataba wa karne ya 14 KK kati ya falme mbili, Wahiti na Mitanni, kaskazini mwa Syria. Humo wanaitwa kuwa mashahidi wa kiapo Mitra, Varuna, Indra na Nasatya, miungu ya Rigveda. Ushahidi mwingine ni chuma. Rigveda inataja metali, ayas, bila kutofautisha. Atharvaveda, ya baadaye, inajua metali nyeusi. Chuma kinaenea kaskazini mwa India kuelekea 1000 KK, kwa hiyo nyimbo zisizokijua zimetangulia.

Tafadhali pia usiwaambie kwamba Rigveda ilileta matabaka manne kama sheria tangu siku ya kwanza. Majina manne pamoja yanatokea katika wimbo mmoja tu, wa 90 wa kitabu cha 10, na kitabu hicho ni kati ya sehemu za mwisho kutungwa. Mpangilio unakazwa baadaye, wakati ufalme wa Kuru unapoinuka na watu wanasogea bonde la Ganga. Miji inarudi huko karibu na 600 KK, katika zile nchi 16 zinazoitwa Mahajanapada.

Mwana_Lualaba

Mwalimu, huna haja ya kwenda mbali kupata mfano wa pili. Sisi tuna bonde letu la mto lenye jamii zilizofuatana: bonde la Upemba, Lualaba inapotandaza maziwa ya Upemba, Kisale na Kabamba. Liweke sambamba na Indus, kwa sababu linafundisha namna ya kutambua urithi unapokuwapo kweli.

Sanga, kwenye ziwa Kisale, ilichimbwa na Jacques Nenquin mwaka 1957 na Jean Hiernaux mwaka 1958. Pierre de Maret alirudi 1974 na 1975 na kuchimba pia Kamilamba, Katongo, Malemba-Nkulu na kwingine. Karibu kila kitu tunachojua kinatoka makaburini, zaidi ya 200. Kumbuka hilo unapofundisha: Indus tunaijua kwa nyumba na mitaro, jamii ya Kisale, iliyopewa jina la ziwa hilo, tunaijua kwa wafu. Nchi kavu ni chache katikati ya maji, watu wamekaa palepale mpaka leo, na mchimbaji hawezi kubomoa kijiji cha watu walio hai ili atafute nyumba za zamani.

Makaburi yanapangika kwa tabaka. Kisale ya mwanzo ni takriban karne ya 8 hadi ya 10 BK, kisha Kisale ya kilele, ya 11 hadi ya 13: vyungu vyembamba vya ajabu, ndoana na vyusa vya chuma, mapambo ya shaba, pembe za ndovu, na kauri chache kutoka Bahari ya Hindi. Shaba ilitoka kusini, nchi yetu hii ya migodi, zaidi ya kilomita 200. Vyungu vya makaburi ya watoto ni vidogo kuliko vya wakubwa. Mtu alikaa akavifinyanga kwa kipimo cha mtoto. Baada ya hapo ni Kabamba, na vyungu vinabadilika. Katika makaburi inaingia misalaba ya shaba. Kwanza ni mikubwa kiasi, imelazwa juu ya mwili. Baadaye, kuelekea karne ya 16 hadi ya 18, inakuwa midogo, inayolingana, imefungwa pamoja. Hapo ndipo de Maret anapoona fedha ikizaliwa: kitu kinapopungua ukubwa na kuanza kulingana, watu wamekwisha kukihesabu badala ya kukitazama.

Na Waluba? Katika kaburi la Kisale ya mwanzo huko Kamilamba kulikutwa shoka la heshima lenye mpini uliopigwa misumari, na fuawe ya chuma karibu na kichwa cha marehemu. Shoka la namna hiyo na fuawe ni alama za utawala wa Kiluba mpaka nyakati za karibuni. Urithi uliothibitishwa huonekana hivyo: kitu maalumu, mahali maalumu, maana ileile, na hatua za katikati zinazojulikana katika udongo wa bonde lilelile. Mtu akidai kwamba kitu fulani cha Veda kimetoka Indus, mwambie alete mnyororo wa namna hiyo. Kwa ng'ombe wa nundu mnyororo upo. Kwa muhuri wenye mtu aliyekaa miguu imekunjwa, ambao Marshall aliuita Shiva, mungu wa Kihindu, kuna pengo la zaidi ya miaka elfu bila pete hata moja.

Simulizi za Waluba nazo zinasema Mbidi Kiluwe, mwindaji, alikuja kutoka mashariki, na mwanawe Kalala Ilunga akamshinda Nkongolo. Mgeni mwenye adabu mpya, mtawala wa zamani mkatili. Mtu akiisikia hivyohivyo atasema taifa moja lilivamia lingine. Lakini makaburi ya bonde hayaonyeshi mkatiko wa namna hiyo. Simulizi inaeleza kwa nini mfalme ana haki ya kuwa mfalme, na tuiheshimu kwa kazi hiyo. Vita vya Indra visomwe kwa jicho hilohilo.

Kama darasa bado linashikilia kwamba aliyefuata ndiye aliyebomoa, waulize hivi: Msiri, mfalme wa Wayeke, alifika Katanga katikati ya karne ya 19. Je, ndiye aliyemaliza Kisale ya kilele?

Mwalimu_Katuba

Aksanti sana, wakubwa zangu. Swali la Msiri nitalitumia, na mistari ya ghana itaingia kipindi cha pili. Nimebaki na mambo mawili. Je, kweli hakuna mtu yeyote aliyekuja kutoka nje? Ninaona wengine mtandaoni wanakana hata hilo. Na mawe ya mizani, yanaweza kutengenezwa bila mizani ya maabara?

Mzee_wa_Vigae

Watu walikuja, Mwalimu. Usitoke shimo moja ukaingia jingine. Mwaka 2019 ilichapishwa DNA ya mwanamke aliyezikwa Rakhigarhi wakati wa miji: haina asili ya wafugaji wa nyika za kaskazini. Wahindi wengi wa leo wanayo, kwa viwango tofauti, na vipimo vinaonyesha iliingia takriban kati ya 2000 na 1500 KK. Lugha ya Veda ni ndugu wa Kiajemi cha zamani, na kwa mbali ni ndugu wa Kigiriki na Kilatini. Kwa hiyo walikuja watu na lugha, kwa makundi, kwa vizazi, wakaoa na kuolewa katika vijiji ambavyo tayari vilikuwa vimeacha miji. Andika ubaoni "uhamaji na mchanganyiko", futa "uvamizi", na usiandike "hakuna aliyekuja".

Mawe ya mizani: ya Indus yalikuwa mchemraba wa jiwe gumu, yaliyochongwa kwa uangalifu. Dogo lilikuwa karibu gramu 0.86, kisha mara 2, 4, 8, 16, 32, 64. Linalopatikana kwa wingi ni la 16, karibu gramu 13.7. Mizani ya maabara huihitaji, maana kurudufu kunafanywa na mizani yenyewe. Chukua fimbo iliyonyooka, ifunge kamba katikati, ning'iniza vifuniko viwili. Jaza mchanga mkavu katika kifuko kimoja. Hicho ni 1. Kwa upande wa pili mimina mchanga mpaka fimbo isimame sawa. Hicho ni 1 kingine. Weka vyote viwili upande mmoja, mimina upande wa pili: umepata 2. Endelea. Ukiwa na 1, 2, 4, 8, 16, 32 na 64 unapima kila namba nzima mpaka 127, kwa vifuko saba tu.

Kosa ndogo la mwanzo linarudufika pia. Kwa hiyo ukimaliza jaribu 64 dhidi ya 32, 16, 8, 4, 2, 1 na kile 1 cha akiba. Fimbo ikiinama, usiguse 64. Rudi chini kwenye 1 na 2, kosa kwa kawaida liko huko. Na kabla ya yote geuza vifuniko kulia na kushoto vikiwa vitupu, maana kamba iliyofungwa nusu sentimita nje ya katikati itaharibu kila kifuko bila kuonekana.

Fundi_Kampemba

Neno moja tu juu ya kalibu, kabla hujakata mbao. Hesabu ya 15.2 niliyoandika ni ya udongo uliosinyaa asilimia 8 kwa kukauka. Ukiamua kuchoma, utasinyaa tena kidogo motoni. Basi pima ule mstari wa sentimita 10 mara ya pili, kipande kikitoka tanuruni, na utumie namba hiyo ya mwisho.

Na usichukue udongo wa kichuguu cha chini ya miti na kile cha uwanjani ukauchanganya katika kundi moja. Kila kimoja kinasinyaa kwa kiasi chake, na pembe ya ukuta haitafunga.